Ziwa Lililokaushwa kwa Ajili ya Pamba



Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1960 Bahari ya Aral, katika Asia ya Kati, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Pamba ilihitajiwa sana. Basi Serikali ya Kisovyeti ikageuza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yanyweshe mashamba. Pamba ilistawi, ziwa likakauka. Wavuvi wa Moynaq waliachiwa vyombo vyao mchangani, na upepo hupeperusha vumbi la chumvi mpaka vifuani mwa watu.

Mwaka 2005 ukuta wa kuzuia maji ulikamilika upande wa kaskazini, nchini Kazakhstan. Maji yakapanda, samaki wakarudi. Kusini hakukupona. Basi achotaye na apime.