Dozi ya Chupa na Dozi ya Mtoto



Nimeombwa nizungumzie antibiotiki kwa watoto. Mada hii tumezoea kuisikia kwa makemeo: msinunue ovyo, malizeni dozi. Leo naomba tuanze na hesabu, kwa sababu mzazi anaweza kutii kila neno aliloambiwa, akaimaliza dawa yote, na mtoto akawa bado hajapata dawa ya kutosha.

Chukueni mtoto wa miaka miwili, kilo 12, mwenye nimonia isiyo kali, ile inayotibiwa nyumbani. Mama anapewa chupa moja ya amoksilini ya maji, yenye miligramu 125 kwa kila mililita 5, na maelekezo yale yale: kijiko kimoja, kutwa mara tatu. Kwa siku mtoto anapata miligramu 375. Chupa ya mililita 100 hutoa vijiko 20, kwa hiyo inakwenda karibu wiki nzima. Inaisha, mama anaitupa, roho yake imetulia. Sasa fungueni mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliurekebisha mwaka 2014. Mtoto wa kilo 10 hadi chini ya 14 apate miligramu 500 asubuhi na 500 jioni kwa siku 5, yaani 1,000 kwa siku. Mtoto wetu amepata kama theluthi tu. Ili afikie dozi kamili kwa dawa hiyo hiyo, angekunywa vijiko vinne kwa mara moja, na chupa mbili zingeisha ndani ya siku 5. Jaribu kumwambia hivyo bibi yake uone atakavyokutazama!

Nani basi aliyepanga dozi ile ya kwanza? Ni chupa. Kiwanda kimejaza unga wa kuchanganya maji hadi mililita 100, duka linauza chupa moja, na mfuko wa baba unatosha chupa moja. Kilo za mtoto hazikuulizwa popote, ingawa zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki ambayo mara nyingi imo ndani ya mkoba wa mama aliyesimama pale kaunta. Tunawapima watoto wetu kwa bidii mpaka wafike miaka mitano, kisha siku kipimo kile kinapohitajika hatukitazami. Hilo ndilo linalonikera kuliko hata dawa bandia.

Na hapo sijataja kijiko chenyewe. Kijiko cha chai cha jikoni hakijazi mililita 5 kila mara. Wapo wanaoongeza maji kupita alama ya chupa ili dawa ienee watoto wawili. Wapo wanaoweka chupa dirishani palipo na joto na kuitunza hata mwezi, wakati dawa ikishachanganywa maji huwa na siku chache tu za kutumika.

Ndiyo maana napendelea vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, vya miligramu 250. Unakiweka kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kinayeyuka, mtoto anameza. Hesabu yake inakaa kichwani: kwa nimonia, kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kilo 10 hadi chini ya 14, viwili viwili, kilo 14 hadi 19, vitatu vitatu. Mtoto wetu wa kilo 12 anamaliza vidonge 20 kwa siku 5. Havihitaji friji wala kupimiwa maji ya chupa.

Upungufu wa dozi una madhara kwa sababu amoksilini huua bakteria kwa kukaa juu ya kiwango fulani kwenye damu kwa muda wa kutosha, na figo za mtoto huitoa haraka. Ikishuka mapema, bakteria dhaifu wanakufa na wagumu wanabaki kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel, wakati dawa yenyewe ilikuwa bado ngeni kwa watu wengi duniani. Lakini msidhani kwamba dozi kubwa daima ni bora. Jentamisini, antibiotiki nyingine ya sindano, ikizidi inaweza kuharibu masikio na figo, na uharibifu wa masikio huwa wa kudumu.

Swali linalotangulia hesabu zote ni kama mtoto anahitaji antibiotiki kabisa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Karibu saba kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao amoksilini haiugusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa kama asilimia 22. Hapa kwetu mtoto akichemka jioni, asubuhi ameshapewa majina matatu: malaria, taifodi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Sijui UTI imekuwaje ugonjwa wa kila mtoto bila mkojo wake kupimwa ipasavyo.

Kwa kikohozi, hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka na apelekwe akaonwe. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, msipitie dukani. Na kwa kuharisha maji, achaneni na Flagyl. Mpeni ORS na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10, nusu yake kama hajafikisha miezi sita.

Ndugu zangu wa maduka ya dawa muhimu, mpango wenu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji na mitaa ipate muuzaji aliyefunzwa. Nawaomba mizani kando ya kaunta, na swali moja kabla ya bei: ana kilo ngapi?

Wamebaki wachanga. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2010 taarifa za watoto wachanga 300 walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Karibu nusu ya vipimo viliotesha bakteria, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walioambukizwa bakteria sugu. Figo za mtoto wa siku tatu hazifanyi kazi kama za mtoto wa mwaka, kwa hiyo ampisilini na jentamisini zake hupangwa kwa uzito na kwa siku za umri, tena kwa sindano. Akija mama na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au mwenye mwili wa baridi, au asiyenyonya, msifungue kabati. Msaidieni kupata usafiri wa hospitali saa ile ile, na njiani aendelee kumfunika na kumnyonyesha kama anaweza.