USIMWINUE MGONJWA PEKE YAKO

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wafanyakazi wa hospitali, Eldoret)



Najua wengine wanajiuliza: mtu wa reli ana neno gani la kuwaambia wauguzi juu ya maumivu ya kiuno? Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaenda kushika koleo na mtaimbo. Lakini mgongo naujua, maana ndio chombo changu cha kazi, kama ulivyo chombo chenu.

Tena sisi ni majirani wa siku nyingi. Hospitali kubwa ya hapa, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ilianza mwaka 1917 ikiwa ndogo sana. Reli ilifika hapa Sisibo mwaka 1924. Tangu siku hizo sisi twabeba vyuma, ninyi mwabeba watu. Nataka kuwaonyesha kwamba sisi wa vyuma tumetunzwa kuliko ninyi wa watu.

Sikilizeni. Reli ya ratili 80 kwa kila yadi, ikiwa na urefu wa futi 40, ina uzito wa ratili zaidi ya 1,060, yaani karibu kilo 480. Hakuna mnyapara mwenye akili atakayemwambia mtu mmoja aiinue. Twapangwa wawili wawili kwa makoleo. Mnyapara aita, wote twainama; aita tena, wote twasimama. Sauti ni moja tu. Watu wakipungua, kazi yangoja. Hakuna anayesema kwamba sisi ni wavivu.

Sasa nitawaambia habari yangu mwenyewe. Mwaka mmoja, nikifanya kazi mbali na hapa, nilitaka kuonyesha nguvu zangu mbele ya wenzangu. Nikachukua taruma la chuma peke yangu, nikageuka nalo huku miguu imesimama palepale. Kiuno kikalia kama kuni kavu, nikaanguka. Nilipelekwa katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Usiku ule muuguzi alikuwa mmoja na wodi ilikuwa imejaa. Alikuja kunigeuza ili abadilishe shuka. Mimi nina kilo 82. Alinigeuza peke yake, kisha akasimama akishika kiuno chake kwa mikono miwili, amefumba macho. Nikamwuliza, "Dada, na wewe wakuuma?" Akasema, "Miaka minne sasa." Halafu akaenda kitanda cha pili.

Ndugu zangu, neno lile halijanitoka mpaka leo. Mimi niliumia kwa kiburi changu. Yeye aliumia kwa kutimiza wajibu wake.

Kwa nini mgongo huumia? Kila mtu wa reli ajua mtaimbo. Ukishika upande mrefu, nguvu ndogo yainua jiwe kubwa. Basi, unapoinama juu ya kitanda na mikono umeinyosha, mtaimbo umegeuka. Mgonjwa yuko upande mrefu, na misuli ya kiuno chako iko upande mfupi. Kila inchi mgonjwa akiwa mbali nawe, kiuno chalipa mara nyingi zaidi.

Mwaka 1967 mkutano wa kazi wa mataifa huko Geneva ulitoa pendekezo kwamba mwanamume mzima asibebeshwe mzigo wa zaidi ya kilo 55. Lakini mwaka 2007 mtaalamu wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi alieleza kwamba kumwinua mgonjwa kwa mikono kusizidi ratili 35, yaani kilo 16 hivi, hata mambo yote yakiwa mazuri. Mbona tofauti ni kubwa? Kwa sababu mgonjwa si gunia. Hana mpini. Huogopa, hushtuka, hukushika shingo, au miguu yake hulegea ghafula. Hesabuni wenyewe: kilo 16, na mimi kilo 82.

Labda wakubwa watasema, "Tutawafundisha namna ya kuinama." Mafunzo ni mazuri, nami nayataka. Lakini mwaka 2011 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi juu ya jambo hili, wakaona hakuna ushahidi kwamba kufundisha watu namna ya kuinua mizigo kwazuia maumivu ya mgongo. Hata ukijua kuinama vizuri, kilo 82 ni kilo 82. Dawa ya kwanza ni mikono zaidi na vyombo vya kazi.

Basi tufanyeje?

Kwanza, mgonjwa asiyejiweza asiinuliwe na mtu mmoja. Aitwe mwenzako, na mmoja wenu ahesabu kwa sauti kama mnyapara wetu.

Pili, msimwinue anapoweza kutelezeshwa. Shuka imara chini ya mgongo na mapaja, mtu huku na mtu huku, yasaidia sana.

Tatu, mwambieni mgonjwa asaidie. Akiweza kukunja magoti na kusukuma kwa visigino, amewapunguzia mzigo.

Nne, kitanda kinachopanda kipandishwe kabla ya kazi. Sogea karibu, na geuka kwa miguu, si kwa kiuno.

Tano, mgonjwa akianza kuanguka, usishindane na uzito wake. Mwongoze ashuke polepole mpaka sakafuni, kisha uite watu.

Sita, ninyi wa dobi na jikoni, msijaze gunia la nguo mbichi mpaka mdomo. Toroli isukumwe, isivutwe. Na yenye gurudumu bovu iandikwe na itengenezwe.

Na aliyekwisha umia je? Zamani tuliambiwa tulale kitandani wiki nzima. Siku hizi shauri limebadilika. Maumivu mengi ya kiuno hupungua baada ya siku au wiki chache, na mtu hupona upesi akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Msikimbilie mikanda ya kiuno. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba haifai kutumiwa kama matibabu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Lakini mguu ukikosa nguvu, au sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au kuzuilika, au ukiwa na homa pamoja na maumivu, mwone daktari siku ileile. Usingoje zamu iishe.

Sasa juu ya haki zetu. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Ulizeni: kamati yetu iko wapi? Ilikutana lini? Sheria ya fidia ya mwaka huohuo yataka mwajiri apeleke taarifa ya ajali kwa serikali katika siku saba baada ya kuarifiwa, na madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita. Kwa hiyo ukiumia, sema siku hiyohiyo, na iandikwe: siku, saa, kitanda gani, na mlikuwa wangapi kazini. Yule dada aliumwa miaka minne. Kama hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa, nani atamwamini?

Najua neno gumu liko wapi. Mtasema, "Mgonjwa amelowa na mimi niko peke yangu. Nimwache?" Hapana, sisemi mmwache. Nasema, kila usiku mliokuwa pungufu uandikwe kitabuni, na mwakilishi wenu apeleke hesabu hiyo kwa wakubwa kila mwezi. Mtu mmoja akinung'unika huitwa mvivu. Kitabu cha miezi mitatu hakiitwi mvivu.

Namaliza. Katika nembo ya taifa letu kuna neno Harambee. Kabla Mzee Kenyatta hajalifanya neno la nchi, lilikuwa neno la wachukuzi, la kuvuta mzigo mzito wote kwa pamoja. Lilitoka katika kazi yetu. Basi na lirudi katika wodi zenu, wala asiwepo tena dada wa kuinua peke yake usiku.