Fedha za Shule na Mavuno Yake: Habari za Majimbo ya Marekani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema machache kabla hesabu za mwaka hazijafungwa. Mwajua nyote kuwa Kamati imeleta mbele yenu jambo la fungu la elimu. Wako wanaotaka fungu lote litumike kujenga ukumbi wa shule, na wako wanaotaka sehemu yake imlipe mwalimu wa kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini ambao bado hawajui kusoma. Maneno yamekuwa makali, na kila upande umeshika mfano wa Marekani. Mzee mmoja alisema kuwa shule za huko ni nzuri kwa sababu serikali yao hutoa fedha nyingi. Ndugu mwingine akamjibu kuwa huko huko Marekani fedha zimemwagwa bure na watoto hawakufaidika. Kwa kuwa mfano huo umekwisha kuingia katika baraza letu, yafaa tuufungue tuone ndani yake mna nini. Mimi naona kila mmoja ameshika upande wake wa kweli na kuuacha mwingine.

Jambo la kwanza ni kufahamu kuwa Marekani haina shule za serikali moja. Nchi ile ina majimbo 50, na ndani ya majimbo hayo mna wilaya za shule yapata 13,000, nyingi zikiwa na baraza lake lenye kuajiri walimu na kupanga matumizi. Serikali kuu ya Washington hutoa sehemu ndogo tu ya gharama, kwa kawaida kama sehemu moja katika kumi. Zilizobaki hutoka kwa majimbo na kwa wenyeji wenyewe, na fungu kubwa la wenyeji ni kodi ya majengo na ardhi. Sisi huku twakutana na mwalimu wa serikali anayelipwa na Tume moja ya nchi nzima, na tangu mwaka 2003 serikali hutoa fedha za masomo ya msingi kwa kuhesabu vichwa vya watoto. Kwa mtu aliyezoea hayo, desturi ya Marekani ni ngeni sana: mahali penye nyumba za thamani pana shule tajiri, na mahali penye vibanda pana shule maskini, hata kama wazazi wa vibandani wanajikamua zaidi.

Wala sisemi kwa kukisia. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, palikuwa na wilaya mbili za shule, Edgewood ya watu maskini, wengi wao wenye asili ya Meksiko, na Alamo Heights ya matajiri. Katika mwaka wa shule wa 1967 hadi 1968, watu wa Edgewood walijitoza kodi ya dola 1 na senti 5 kwa kila dola 100 za mali, na wakapata dola 26 kwa kila mtoto. Watu wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Hata baada ya misaada ya jimbo na ya Washington kuongezwa, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356, na mwenzake dola 594. Mzazi mmoja, Demetrio Rodriguez, pamoja na wenzake wakashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1973 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba Katiba ya Marekani haikuifanya elimu kuwa haki ya msingi, na kwamba desturi ile haikuivunja. Tangu siku hiyo wanaotafuta usawa wa fedha za shule wamelazimika kugonga mlango wa mahakama za jimbo moja moja.

Sasa tuje kwenye hesabu za majimbo, maana hapo ndipo ubishi wetu ulipozaliwa. Katika mwaka wa fedha wa 2022, jimbo la New York lilitumia karibu dola 30,000 kwa kila mwanafunzi wa shule za umma. Utah na Idaho hazikufikisha hata dola 10,000. Basi mtu angetazamia watoto wa New York wawe mbali sana mbele. Wamarekani wana mtihani wa taifa wa kupima maendeleo ya elimu, uitwao kwa kifupi NAEP, ulioanza mwaka 1969, na tangu mwaka 1990 wameutumia pia kuyalinganisha majimbo. Haufanywi na kila mtoto. Huchaguliwa sehemu yao tu, na hakuna anayepasi wala kuanguka kwa ajili yake, kwa hiyo mwalimu hana sababu ya kuwakaririsha watoto majibu. Katika mtihani huo watoto wa Utah wamekuwa wakipata alama zilizo juu ya wastani wa nchi, na wale wa New York katika kusoma wamekuwa karibu na wastani huo huo.

Ndugu yetu aliyesema fedha ni bure atafurahi kusikia hivyo. Namwomba asifurahi upesi. Dola ya New York si dola ya Utah. Nyumba, mishahara na kila kitu ni ghali zaidi New York, na mwalimu aliyelipwa kama mwenzake wa Utah asingeweza kupanga nyumba huko. Utah nayo ina familia kubwa zenye watoto wengi, hivyo shilingi ile ile ya kodi yagawanywa kwa vichwa vingi zaidi. Na watoto wenyewe hawafanani. New York ina mamia ya maelfu ya watoto wa wahamiaji wanaojifunza Kiingereza kwa mara ya kwanza darasani, pamoja na umaskini mkubwa wa mijini.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata watu wenye shahada, nami nitauonyesha kwa hesabu ya kubuni. Chukueni majimbo mawili yenye watoto 100 kila moja. La kwanza lina watoto 80 wa maskini wenye wastani wa alama 50, na 20 wa wenye nacho wenye wastani wa 80. La pili lina 20 wa maskini wenye wastani wa 45, na 80 wa wenye nacho wenye wastani wa 75. Jimbo la kwanza lawafundisha maskini vizuri zaidi, na wenye nacho vizuri zaidi pia. Lakini mkijumlisha wote, la kwanza litapata wastani wa 56 na la pili 69, na magazeti yatalisifu la pili! Anayetaka kujua kazi ya shule hana budi kuuliza kwanza, watoto gani wanalinganishwa na watoto gani. Mwaka 1966 Profesa James Coleman aliiandikia serikali ya Marekani taarifa kubwa baada ya kuchunguza zaidi ya wanafunzi nusu milioni, akaonyesha kuwa hali ya nyumbani kwa mtoto ilieleza tofauti za alama kuliko vifaa vya shule. Wengi walioisoma taarifa hiyo juu juu walitoka wakidai kuwa shule hazina nguvu. Hilo ni kuikuza mno, kama mfano wa jimbo la Mississippi utakavyoonyesha.

Mississippi ni miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya Marekani, lenye Weusi wengi, na historia ya shule za ubaguzi ambayo wazee hapa hawahitaji kufafanuliwa. Kwa miaka mingi lilikuwa kichekesho cha nchi. Mwaka 2013 watoto wake wa darasa la nne walipata wastani wa alama 209 katika kusoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa 221. Walikuwa karibu mwisho kabisa. Mwaka 2019 walikuwa sawa na nchi, 219 kwa 219. Mwaka 2024 walipata tena 219, na wastani wa nchi ulikuwa umeshuka hadi 214. Jimbo lililokuwa mkiani likaingia miongoni mwa kumi ya mbele. Na ukiwalinganisha maskini kwa maskini na wenye nacho kwa wenye nacho, Mississippi hupanda mpaka kileleni.

Walifanya nini? Mwaka ule wa 2013 walitunga sheria ya kusoma. Walimu wa madarasa ya chini walifundishwa upya namna ya kumfundisha mtoto sauti za herufi na kuziunganisha kuwa maneno, badala ya kumwachia abahatishe neno kwa kutazama picha. Jimbo liliajiri wakufunzi, si wa kuketi ofisini bali wa kukaa ndani ya shule zilizo dhaifu, wakimwangalia mwalimu akifundisha na kumsahihisha. Watoto walipimwa mara tatu kwa mwaka tangu wadogo kabisa, na wazazi wakaarifiwa. Na mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma hakupandishwa, isipokuwa kwa sababu maalum zilizotajwa katika sheria. Wako wanaosema kuwa hapo ndipo siri ilipo, kwamba wanyonge huzuiliwa nyuma na wastani wa darasa la nne ukapanda wenyewe. Neno hilo lina uzito wake, lakini haliwezi kueleza yote, maana alama zilikuwa zimeanza kupanda kabla mtoto wa kwanza hajazuiliwa. Yapo pia mapungufu ya kweli: katika darasa la nane watoto wa Mississippi wangali chini ya wastani wa nchi.

Gharama ya kazi hiyo ya kusoma imekuwa kama dola milioni 15 kwa mwaka. Jimbo lina watoto wa shule za umma zaidi ya 400,000. Gawanyeni wenyewe, haifiki dola 40 kwa mtoto. Lakini msisahau kuwa kabla ya sheria, tangu mwaka 2000, tajiri mmoja mzaliwa wa huko, Jim Barksdale, na mkewe walikuwa wametoa dola milioni 100 kwa ajili ya kufundisha kusoma. Ardhi ilikuwa imelimwa kabla ya mvua kunyesha.

Mfano wa pili ni Massachusetts, ambalo ni jimbo tajiri. Mwaka 1993 lilipitisha sheria ya kuongeza sana fedha za jimbo kwa wilaya maskini kwa muda wa miaka saba, na papo hapo likaweka mitihani mipya ya wanafunzi na masharti magumu kwa wanaotaka ualimu. Mwaka 2005 watoto wake walishika nafasi ya kwanza, au kulingana na wa kwanza, katika kusoma na katika hesabu, darasa la nne na la nane. Mtasema, ni matajiri. Ndiyo; lakini walikuwa matajiri kabla ya 1993 pia.

Kinyume chake ni Kansas City katika jimbo la Missouri. Tangu mwaka 1985, kwa amri ya jaji aliyetaka kuondoa ubaguzi, wilaya ile ilipewa fedha nyingi mno, karibu dola bilioni 2 katika miaka kama kumi na miwili. Yakajengwa majumba mapya, na shule moja ikapata bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki. Nia ilikuwa kuwavuta watoto wa Kizungu wa vitongojini warudi shule za mjini. Hawakurudi wengi, na alama za watoto Weusi zikabaki chini. Bwawa ni zuri, Bwana Mwenyekiti, lakini halimfundishi mtu kusoma.

Je, Kansas City yathibitisha kuwa fedha hazifai? La. Wachumi watatu, Jackson, Johnson na Persico, walitoa uchunguzi wao mwaka 2016 juu ya watoto waliozaliwa kati ya 1955 na 1985, wakafuata maisha yao mpaka ukubwani. Walitazama wilaya ambazo mahakama zililazimisha zipewe fedha zaidi. Wakaona kuwa kila ongezeko la asilimia 10, likidumu miaka yote 12 ya masomo, lilimpa mtoto wa maskini karibu nusu mwaka zaidi wa shule, na mshahara mkubwa kwa karibu asilimia 10 alipokuwa mtu mzima. Angalieni neno hilo la kudumu: fedha zilizofanya kazi hiyo zilikuja kila mwaka, na hasa zilipunguza idadi ya watoto kwa mwalimu, zikaongeza mishahara ya walimu na siku za masomo.

Narudi kwenye fungu letu. Ukumbi hujengwa mara moja na kuonekana na kila apitaye barabarani, na jina la Chama litaandikwa mlangoni. Mwalimu wa kusoma hulipwa kila mwezi, haonekani, na akiachishwa baada ya mwaka mmoja kazi yake yapotea. Kwa hiyo wanaomtaka mwalimu wasije na bajeti ya mwaka mmoja. Waseme michango ya miaka minne itatoka wapi. Na wanaotaka ukumbi watuambie ni mtoto yupi anayeshindwa kusoma leo kwa kukosa ukumbi. Mali bila daftari huisha bila habari, nasi hata daftari la kwanza hatuna: hakuna mtu katika mkutano huu awezaye kusema ni watoto wangapi wa Gredi ya 3 katika shule zetu wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili na kueleza maana yake.

Natoa hoja kwamba kura isipigwe leo. Walimu wakuu waombwe wawapime watoto hao mmoja mmoja, mbele ya mzee mmoja wa Kamati, na wapimwe kwa ukurasa ule ule katika shule zote. Idadi iletwe pamoja na hesabu ya watoto waliosoma chekechea na wasiosoma, ili tusije tukailaumu shule ya kule bondeni kwa jambo lililoanza nyumbani. Bwana Mweka Hazina amenihakikishia kuwa fungu laweza kukaa benki mpaka mkutano wa robo ya pili. Kama yupo wa kuiunga mkono hoja hii, namwomba asimame.