Mapigo ya Spidi Gavana: Dereva Ajue Hesabu Yake

(Hotuba kwa wanachama wa Dandora)

Ndugu madereva na makanga,

Leo sisemi juu ya mishahara. Nasema juu ya kile kijisanduku cha spidi gavana. Tangu tarehe 1 Februari 2004, kwa kanuni za Waziri John Michuki, kila matatu lazima iwe nacho, isipite kilomita 80 kwa saa. Vya siku hizi huandika mwendo wa gari, na maandishi hayo yaweza kumshitaki dereva. Basi ni haki yetu kujua vinapimaje.

Ndugu zangu, gavana haioni barabara. Inahesabu tu. Kwenye giaboksi mna sensa. Shafti ikizunguka, sensa hupeleka mapigo ya umeme kwa waya, kama moyo upigavyo. Kijisanduku huhesabu mapigo ya kila sekunde, kisha hupata mwendo kwa namba aliyoiweka fundi.

Tushike mfano. Gurudumu likizunguka mara moja, gari huenda mita 2 na sensa hutoa mapigo 8. Kila mita, basi, ni mapigo 4. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 na kidogo kwa sekunde, yaani mapigo 89.

Sasa tajiri akitia matairi makubwa, yanayokwenda mita 2 na sentimita 20 kwa mzunguko, mapigo 89 ni yale yale. Gavana itasema 80, kumbe gari linakwenda 88! Dereva akikamatwa, nani atamwamini? Tena waya ukilegea mapigo hupotea, gavana ikadhani gari linakwenda pole pole.

Jipimeni wenyewe. Tafuteni barabara iliyo wazi, palipopimwa kilomita 1 sawasawa. Msitumie mita ya gari, maana huenda nayo inahesabu mapigo yale yale. Dereva ashike 60 ya gavana, makanga atazame saa. Ikiwa kweli, zitapita sekunde 60. Kwa matairi yale makubwa zitapita 55 tu.

Ukiona kasoro, usiguse waya, maana utajitia hatiani. Andika siku na saa, mpe tajiri, na nakala mpe katibu wa tawi. Na sote tudai jambo moja: matairi au giaboksi ikibadilishwa, gavana ipimwe upya kabla gari halijapakia abiria.

Umoja ni nguvu.