Mandala: Duara Linalojengwa ili Lifutwe

Leo tunaitupia jicho sanaa moja ya ibada iliyotoka katika nyanda za juu za Tibet, ikavuka milima ya Himalaya pamoja na wakimbizi, na ambayo sasa hutazamwa hata katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Sanaa hiyo ni mandala ya mchanga. Nayo inazua maswali mawili. Kwanza, mchoro wa maduara na miraba unawezaje kumsaidia mwanadamu kuituliza akili yake? Na pili, kitu cha ibada kinapowekwa hadharani mbele ya macho ya wageni, je, heshima yake hubaki?

Tuanze na jina lenyewe. Mandala ni neno la Kisanskriti, na maana yake ni duara. Watibeti huiita kyilkhor, neno linalokiunganisha kitovu na kile kinachokizunguka. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima. Mandala si duara tupu. Ina kitovu, ina mpaka, na kila kilichomo kati ya kitovu na mpaka kimepewa mahali pake kwa kipimo.

Mgeni akiitazama kwa mara ya kwanza huona rangi na mapambo tu. Ukweli ni kwamba anachokiona ni ramani ya jumba, lililochorwa kana kwamba mtu yuko juu angani analitazama paa lake, kama vile msanifu majengo anavyochora nyumba kwenye karatasi. Ule mraba ulio ndani ya duara ni kuta za jumba hilo. Pande nne zina malango manne, moja kwa kila upande wa dunia. Chukua mfano wa mandala maarufu ya Kalachakra, yaani Gurudumu la Wakati. Ndani yake mna majumba matano, moja ndani ya jingine, na humo wanakaa viumbe watukufu 722, kila mmoja na nafasi yake. Upande wa mashariki ni mweusi, kusini ni mwekundu, magharibi ni wa manjano na kaskazini ni mweupe. Nje ya kuta hizo kuna mizingo ya ardhi, maji, moto, upepo, anga, na mwisho hekima.

Kazi ya kuijenga haianzi na mchanga. Huanza na sala, kisha vipimo. Watawa huchukua uzi uliopakwa unga wa chaki, wakauvuta na kuupiga juu ya ubao ili uache alama iliyonyooka, kama fundi mwashi anavyopiga uzi wake kabla ya kupandisha ukuta. Kwanza hupatikana mistari miwili mikuu inayokatana kitovuni, halafu hanamu, halafu mistari ya kuta. Uwiano wake umewekwa na maandiko na kurithishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Mtawa hana ruhusa ya kuongeza ua kwa sababu linampendeza, wala kubadili rangi kwa sababu amechoshwa nayo.

Baada ya hapo huja mchanga, ambao ni mawe meupe yaliyosagwa na kutiwa rangi. Kila mtawa hushika kifaa cha chuma kiitwacho chak-pur, mfano wa pembe nyembamba yenye tundu dogo nchani. Mgongo wa kifaa hicho una meno kama ya tupa. Mtawa huyasugua kwa fimbo nyingine ya chuma, mtikisiko ukauteremsha mchanga chembe kwa chembe, ukatiririka mithili ya maji. Hufanya kazi wakianzia kitovuni na kuelekea nje, mara nyingi watawa wanne, kila mmoja na upande wake. Haba na haba hujaza kibaba: mandala ndogo humalizika kwa siku kadhaa, na ile kubwa huweza kuchukua wiki kadhaa.

Sasa tulijibu swali letu la kwanza. Wengi wetu tunapolisikia neno taamuli hudhani ni kukaa kimya bila kufikiri lolote. Aliyewahi kujaribu anajua kwamba akili ikinyimwa kazi hujitafutia yenyewe: deni, ugomvi wa jana, barua ambayo haijajibiwa. Njia ya mandala ni tofauti. Akili hupewa kazi kubwa mno, hata isibaki na nafasi ya kuzurura. Mwanafunzi hujifunza jumba lile kwa moyo. Anapofumba macho, hulijenga upya ndani ya fikra zake, si bapa tena kama ramani bali likiwa limesimama na kuta, nguzo na mapaa yake. Huingia kwa lango la mashariki. Katika Kalachakra hupita jumba la mwili, kisha la usemi, kisha la akili, hadi kufika katikati. Na akishafika huko, hulivunja. Hulirudisha lote kwenye nukta moja, na ile nukta nayo huiacha itoweke.

Ndiyo maana mandala ya mchanga haiwekwi ikahifadhiwa. Ibada inapokwisha, mtawa mkuu huwaondoa wale viumbe watukufu mmoja mmoja, kisha huikata mistari mikuu. Rangi zote hufagiliwa kuelekea kitovuni mpaka zikawa rundo moja la kijivu. Mchanga huo hutiwa katika chombo, baadhi ya watu waliohudhuria hupewa kidogo, na uliobaki humwagwa mtoni au baharini ili baraka yake isambae. Kufuta kwenyewe ni somo la mwisho la ibada.

Msikilizaji mpenzi, tugeukie swali la pili. Mwezi wa Machi mwaka 1959 Dalai Lama aliukimbia mji wa Lhasa akaingia India, na maelfu ya Watibeti wakamfuata. Watawa wa Namgyal, monasteri yake mwenyewe ambayo asili yake ni karne ya 16, walianza upya huko Dharamsala. Kwa desturi, mandala ya Kalachakra ilijengwa ndani ya hekalu, na walioruhusiwa kuitazama ni wale walioingizwa rasmi katika mafunzo yake. Lakini mwaka 1988 watawa wa Namgyal waliijenga hadharani katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili mjini New York, na tangu hapo mandala za mchanga zimeonyeshwa katika miji mingi ya dunia.

Zipo hoja za pande zote mbili. Mwenye kulaumu atasema kwamba siri ya hekalu imegeuzwa tamasha, na kwamba mtalii apitaye na kamera yake hachukui kitu zaidi ya picha. Mwenye kutetea atajibu kwamba watu waliopoteza nchi hawana anasa ya kuficha. Elimu isiyo na pa kuishi hufa pamoja na wazee wake. Kuionyesha ni kuiambia dunia kwamba bado ipo.

Mimi naona jibu limo katika tabia ya watawa wenyewe. Mwaka 2007, katika ukumbi wa stesheni ya Union Station mjini Kansas City, Marekani, watawa wa Kitibeti walikuwa wamekwisha fanya kazi ya siku mbili. Walipokuwa hawapo, mtoto mdogo alipita chini ya kamba akacheza juu ya mchanga, na sehemu kubwa ikaharibika. Watawa waliporejea hawakukasirika. Walitabasamu, wakaanza upya. Watazamaji wa siku zile pengine walijifunza zaidi kutokana na utulivu ule kuliko kutokana na rangi zenyewe. Heshima ya mandala, basi, haikuwa imejificha ndani ya mchanga. Ilikuwa katika moyo wa anayeijenga.

Wasomi wa nafsi nao hawakuipita mandala. Carl Gustav Jung wa Uswisi alichora ya kwanza mwaka 1916, na katika miaka ya 1918 na 1919 akawa anachora duara kila siku, akiona kwamba mchoro wa siku hiyo unafichua hali ya nafsi yake. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, waliwashirikisha wanafunzi 84 wa chuo kikuu. Wengine walipewa mandala waitie rangi, wengine mchoro wa mistari inayokatana kama kitambaa cha drafti, na wengine karatasi tupu. Wasiwasi ulipungua kwa waliopata mandala. Lakini ulipungua karibu kwa kiasi kilekile kwa waliopata drafti, na makundi hayo mawili yalitulia zaidi kuliko wale wa karatasi tupu. Tunajifunza nini? Kwamba mpangilio wenyewe, hata usio na utakatifu wowote, huipa akili mahali pa kutua.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu biashara imeingia. Leo utauziwa mikufu na vibao vya shaba vyenye kile kinachoitwa jiometria takatifu, pamoja na ahadi ya kuponya maradhi. Michoro haiponyi maradhi. Humsaidia mtu kutulia, na kutulia ni neema tosha. Mgonjwa na aende kwa daktari.

Wala Watibeti si peke yao. Wahindu wana Sri Yantra, pembetatu tisa zinazopishana, nne zikielekea juu na tano chini, zikizaa pembetatu ndogo 43 kuizunguka nukta moja. Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, sakafu ina njia ya mzunguko iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 13. Upana wake ni karibu mita 13, lakini anayeifuata hutembea zaidi ya mita 260 kabla ya kufika katikati. Na wewe unayesali katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, unayajua mapambo ya kijiometria yaliyozipamba kuta zake. Haya si mamoja. Mtawa huingia kwenye jumba la viumbe watukufu, Mkristo hutembea safari ya toba, na Mwislamu haelekezi sala yake kwenye pambo lolote. Kuyaheshimu ni pamoja na kutoyachanganya.

Kwa yule anayetaka kuonja utulivu wa duara bila kugusa ibada ya mwenzake, chukua bikari na karatasi. Chora duara. Bila kubadili upana wa bikari, weka ncha yake mahali popote juu ya mzingo na utie alama, kisha uhamie kwenye alama hiyo na uendelee. Utatembea hatua sita na kurudi ulikoanzia, bila pungufu wala ziada. Katika kila alama chora duara jingine la upana uleule, na ua la petali sita litachanua katikati. Litie rangi polepole, ukianzia kitovuni. Fikra zikitoroka, zirudishe kwenye petali uliyoiacha. Na ukimaliza, jaribu lile lililo gumu: usilitundike ukutani. Lichane, kisha uitazame vizuri hali ya moyo wako wakati mkono unapochana.

Sisi tulio mbali na kwetu tumezoea kushika: picha, funguo za nyumba zisizo na watu, mapishi ya mama. Watibeti walionyang'anywa mengi wamechagua kuonyesha kile wanachokithamini sana kisha kukifuta kwa mikono yao, maana wanajua namna ya kukijenga tena. Kinachobaki kwao ni elimu ya kujenga, na hiyo haipiti mikononi mwa askari wa mpakani.