Mbio za Nyika za Wanawake: Hesabu ya Msichana wa Nne

Nakala ya hotuba iliyoandaliwa kwa mikutano ya wazazi, walimu na makocha katika wadi kabla ya msimu wa mbio za nyika



Watu wakiulizwa nani alishinda mbio za nyika za dunia, hutaja jina moja. Jibu hilo ni nusu tu, kwa sababu mbio za nyika zina washindi wa aina mbili. Yupo anayefika wa kwanza, na ipo timu inayoshinda, na timu hupatikana kwa hesabu yake. Katika mbio za wanawake wakubwa nchi hupeleka wakimbiaji 6, na wanne wa kwanza miongoni mwao ndio wanaohesabiwa. Aliyefika wa kwanza hupata alama 1, wa pili alama 2, wa ishirini alama 20. Alama za wanne hao hujumlishwa, na nchi yenye alama chache zaidi ndiyo bingwa. Kwa hivyo msichana wa nne akilegea kwenye kilima cha mwisho akapitwa na wapinzani 10, timu yake imeongezewa alama 10, hata kama mwenzake aliyeongoza tayari amejifunga bendera mabegani na anapigwa picha.

Mfano bora wa hesabu hiyo ulionekana Kampala mwezi Machi 2017, katika uwanja wa Kololo. Irene Cheptai alifika wa kwanza, akafuatwa na Alice Aprot, Lilian Kasait Rengeruk, Hellen Obiri, Agnes Tirop na Faith Kipyegon. Wote sita ni Wakenya, na wote sita walichukua nafasi sita za kwanza. Moja, mbili, tatu na nne ukijumlisha unapata 10, na hakuna timu inayoweza kupata alama chache kuliko hizo. Tazameni vizuri waliofika wa tano na wa sita. Tirop ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi. Kipyegon alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1500. Nafasi zao hazikuingia hata kwenye hesabu ya timu siku hiyo. Nchi iliyo na utajiri wa namna hiyo inaweza kusahau kwa urahisi kwamba kila mmoja wao ni binti wa mtu.

Wanawake hawakufika hapo kwa siku moja. Mashindano ya kimataifa ya mbio za nyika kwa wanaume yalianza Scotland mwaka 1903. Wanawake walikutana kwa mara ya kwanza Douai, Ufaransa, mwaka 1931, na wakasubiri hadi 1967, huko Barry nchini Wales, ndipo mbio zao zikatambuliwa rasmi. Mmarekani Doris Brown alizishinda mwaka huo na miaka minne iliyofuata. Yalipogeuzwa kuwa mashindano ya dunia mwaka 1973, huko Waregem, Ubelgiji, wanaume walikimbia karibu kilomita 12 na wanawake karibu kilomita 4. Tofauti ilipungua polepole mno. Hadi mwaka 2015 wanaume walikuwa bado na kilomita 12 na wanawake 8. Ni Kampala 2017, mashindano yale yale ya alama 10, ambapo wote walipewa kilomita 10. Msichana aliye gredi ya 7 leo huenda akadhani imekuwa hivyo tangu zamani.

Kwa Wakenya pia haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Hellen Chepngeno alishinda Budapest mwaka 1994, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la wanawake wakubwa. Baada yake ilipita miaka 15. Waethiopia Derartu Tulu, Gete Wami, Werknesh Kidane na Tirunesh Dibaba walipokezana taji na wakimbiaji wa Ulaya na hata wa Australia, huku wanaume wa Kenya wakirudi na dhahabu ya timu karibu kila mwaka. Florence Kiplagat ndiye aliyeukata ukame huo Amman mwaka 2009. Kuanzia hapo hadi Belgrade 2024 mashindano yalifanyika mara 9, na mara zote 9 mwanamke wa kwanza kwenye utepe alikuwa Mkenya.

Kati ya majina ya kipindi hicho, lipo moja ambalo halitajwi sana nalo linastahili. Linet Masai alimaliza wa pili mwaka 2009, wa pili mwaka 2010, na wa pili tena mwaka 2011. Mara tatu mfululizo alimwona mwenzake akipanda juu zaidi jukwaani. Lakini alama zake 2, kila mwaka, ziliingia kwenye dhahabu ya timu. Makocha walio hapa wanajua thamani ya mkimbiaji wa namna hiyo.

Wakazi wenye umri wa kutosha watakumbuka pia Machi 2007, mashindano haya yalipofika Mombasa, katika uwanja wa gofu, kwenye joto na unyevu wa Pwani ulioangusha watu wazima. Mwanamke aliyeshinda alizaliwa Kenya lakini alivaa rangi za Uholanzi, naye ni Lornah Kiplagat. Dhahabu ya timu ikaenda Ethiopia. Wapo walionung'unika siku hiyo kwamba amewakimbia. Wangefanya vyema kukumbuka alichokijenga Iten kwa fedha za mbio zake, yaani kituo cha mazoezi ya nyanda za juu alichokianzisha hasa kwa ajili ya wakimbiaji wa kike. Katika kambi nyingi za wakati ule, mwanamke alitarajiwa kupika na kufua wakati mwanamume amelala kupumzika kati ya zoezi la asubuhi na la jioni. Anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku na kuinama kwenye karai katikati hawezi kupona misuli. Kama kuna kambi katika kaunti hii ambako bado mambo ni hayo, kocha wake anajua cha kurekebisha kabla ya kuomba viatu vipya.

Sasa kuhusu wasichana wadogo, maana hapo ndipo wazazi wengi wana maswali.

Mbio za dunia za wasichana chipukizi zilianza mwaka 1989. Mwaka 1991, Antwerp, Lydia Cheromei alizishinda akiwa na miaka 13. Leo hilo haliwezekani, kwa sababu sheria inataka mkimbiaji wa kundi hilo awe na miaka 16 hadi 19 kufikia mwisho wa mwaka wa mashindano, na sheria hiyo ni nzuri. Faith Kipyegon alikimbia Bydgoszcz mwaka 2010 miguu mitupu akiwa na miaka 16 akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata, Punta Umbría, Uhispania, alishinda, bado miguu mitupu, na mwaka 2013 akashinda tena. Medali tatu za dhahabu za Olimpiki katika mita 1500 zilikuja baadaye, ya kwanza mwaka 2016 na ya tatu mwaka 2024. Huyu alianza kama msichana wa nne, na waliomzunguka hawakumharakisha.

Beatrice Chebet naye alipata taji lake la kwanza la wakubwa Bathurst, Australia, mwaka 2023, katika mbio ambazo wengi walishaziandika kama za Letesenbet Gidey wa Ethiopia. Gidey alikuwa mbele, utepe ukionekana, akaanguka zikiwa zimesalia mita chache. Chebet hakuwa ameacha kukimbia. Alipita, akashinda, akashinda tena Belgrade mwaka uliofuata, na Mei 2024 akawa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29. Mwalimu anayemwambia mtoto akimbie hadi mwisho ana ushahidi wa kutosha hapo.

Lakini mkutano huu haukuitwa kusifu tu.

Agnes Tirop alishinda mbio za nyika za dunia Guiyang, Uchina, mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Hakuna aliyekuwa amelitwaa taji hilo akiwa na umri mdogo hivyo tangu Zola Budd miaka ya themanini. Akapata shaba mbili za dunia katika mita 10,000. Septemba 2021, nchini Ujerumani, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Kulikuwa na mvutano kuhusu ardhi.

Wanariadha wenzake Tirop na jamaa zake walianzisha shirika la Tirop's Angels, na wanachosema ni jambo ambalo kila kijiji chenye wakimbiaji kimeliona. Msichana anaanza kushinda. Anatokea mwanamume, wakati mwingine kocha, wakati mwingine mtu anayejiita kocha, anayempa nauli, viatu na maneno mazuri. Muda si muda ndiye anayeshika simu, kadi ya benki na namba ya siri. Shamba linanunuliwa, hatimiliki inasoma jina lake huyo bwana. Msichana akiuliza, ugomvi unaanza. Akirudi nyumbani kulalamika, mara nyingi huambiwa avumilie, kwa sababu nyumbani nako fedha zake zinategemewa. Hapo ndipo wazazi wanapoingia lawamani, na ni afadhali lisemwe waziwazi.

Fedha zenyewe si kidogo. Mshindi wa mbio za nyika za dunia hupata dola 30,000 za Marekani, karibu shilingi milioni 4, na timu ya kwanza hugawana dola 20,000. Kwa msichana aliyetoka moja kwa moja shule ya upili, hizo ni fedha ambazo hakuna aliyemfundisha kuzihesabu. Bingwa huwa na watu wa kumshauri, na hata hivyo Tirop hakunusurika. Msichana wa nne, yule ambaye jina lake halisomwi redioni, huwa peke yake kabisa.

Kwa hivyo wazazi wakague mambo haya mapema, kabla ya medali. Akaunti ya benki iwe kwa jina la binti mwenyewe akishatimiza miaka 18, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, naye peke yake ajue namba ya siri. Mama na baba nao wasiijue. Ardhi ikinunuliwa, utafutaji ufanywe kwenye ofisi ya ardhi au kupitia Ardhisasa kabla ya senti kutolewa, na jina litakaloandikwa liwe lake. Mkataba wa meneja uwe wa maandishi, usomwe na mtu mwingine asiyelipwa na meneja huyo. Mameneja wanaotambuliwa na World Athletics wako kwenye orodha iliyo wazi kwa kila mtu, na asiyekuwemo hana la kueleza. Na akiletewa sindano au vidonge akaambiwa ni vitamini, akatae, maana kinachopatikana mwilini ni mzigo wa mkimbiaji mwenyewe, hata kama aliyempa ametoweka.

Kocha anayetaka msichana wa shule alale kambini amweleze mzazi nani mwanamke mzima anayelala hapo. Asipojibu, mtoto arudi nyumbani. Kocha au mwalimu anayetumia nafasi yake kumtaka msichana kimapenzi anavunja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na hilo si la kumalizwa kwa mbuzi na wazee chini ya mti. Machifu waliopo wamesikia.

Anayetishwa au kupigwa nyumbani apige 1195 bila malipo, saa yoyote. Kwa mtoto, namba ni 116. Kituo cha polisi chenye dawati la jinsia hupokea malezo, na Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inaruhusu mahakama kutoa amri ya kumzuia anayetisha hata kabla hajapiga. Jirani pia anaweza kuripoti. Mlango ukisikika unavunjwa usiku, kumi na moja tisini na tano haiulizi wewe ni nani kwake.

La mwisho ni vyeti. Msimu wa mbio za nyika huja miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka, na kila msimu wapo wasichana wenye mbio nzuri wanaokwama kwa kukosa karatasi. Msichana asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kuthibitisha kwamba ana miaka 16, wala kupata pasipoti akichaguliwa. Wenye watoto wasio na cheti waanze kwa naibu wa chifu wa eneo lao wiki hii, wakiwa na kadi ya kliniki na kitambulisho cha mzazi. Walimu wa michezo nao wapitie orodha zao na kuwataja wasio na vyeti mapema, kuanzia anayeongoza hadi yule anayefika wa nne, wa tano na wa sita.