Bunduki Imfae Kijana, si Kijana Alazimishwe Kuifaa Bunduki
Mada kwa wazazi, walimu wa michezo na vijana wa Ntimaru kuhusu mchezo wa kulenga visahani



Neno bunduki likitajwa Ntimaru, wengi hukumbuka mifugo iliyoibwa usiku na vijana waliozikwa mapema. Mpaka wa Tanzania uko karibu, na silaha haramu zimeleta msiba katika nyumba nyingi za Kuria Mashariki. Hata hivyo, vijana huona kwenye televisheni, hasa wakati wa Olimpiki, wanawake kwa wanaume wakivunja visahani hewani kwa bunduki na kuvishwa medali. Kijana akirudi nyumbani na kuuliza, "Mtu huanza na bunduki ya aina gani?", mzazi anastahili kuwa na jibu. Akinyamaza, kijana atatafuta jibu kwa mtu mwingine, na huenda mtu huyo akawa na bunduki isiyo halali.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa bunduki, methali hiyo haifai. Mtoto akililia bunduki, apimwe kwanza.

Mchezo wenyewe

Kisahani ni duara dogo lenye upana wa milimita 110, hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Mtambo ulio ndani ya shimo hukirusha mbele, kikienda mbali na mlengaji, wala yeye hajui kitaelekea kushoto, kulia au katikati. Bunduki inayotumika ni ya marisau, yaani ile inayotoa vipande vingi vidogo vya risasi kwa pamoja. Mzunguko mmoja huwa na visahani 25. Katika Olimpiki mlengaji husimama mita 15 nyuma ya mtambo. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1900, na wanawake wakapata shindano lao la visahani hivi mwaka 2000.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori kwa burudani mwaka 1977. Kwa hivyo kijana anayejifunza bunduki ya marisau leo hajifunzi kuwinda. Anajifunza mchezo wenye uwanja wake, mwalimu wake na sheria zake.

Sheria ndiyo ya kwanza

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu kununua wala kumiliki bunduki bila cheti. Mwenye mamlaka ya kutoa cheti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Mwezi wa Desemba 2018, serikali iliamuru hata wale waliokuwa na leseni wachunguzwe upya. Mnamo Juni 2021, silaha haramu zaidi ya 5,000 ziliteketezwa kwa moto hapa nchini.

Maana yake kwa mzazi ni wazi. Kijana anayeanza hanunuliwi bunduki. Hujifunza kwa bunduki ya klabu au ya mtu mzima mwenye cheti, katika uwanja uliokubaliwa, mwenye bunduki akiwa pale pale. Bunduki ya kuazima kwa jirani, au iliyovushwa mpakani kwa bei nafuu, haiwi ya michezo hata ikitumiwa kupiga visahani. Ikikamatwa, kijana atapelekwa mahakamani, na ndoto ya michezo itaishia hapo. Mzazi mwenye swali lolote aanze na kituo cha polisi.

Geji: watu wa mabati wanaijua

Ukubwa wa mtutu wa bunduki ya marisau hutajwa kwa geji. Aliyewahi kununua mabati ataelewa haraka. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 32. Namba ikipanda, bati hupungua unene. Kwa bunduki pia namba ikipanda, tundu la mtutu hupungua. Geji 12 ina tundu la karibu milimita 18.5, na geji 20 karibu milimita 15.6. Ipo pia ndogo zaidi iitwayo 410, yenye tundu la milimita 10 na kidogo.

Wazazi wengi hudhani iliyo ndogo kabisa ndiyo ya mtoto. Si hivyo. Risasi ya 410 hubeba marisau machache, kwa hivyo hata mlengaji hodari hukosa nayo. Mtoto akikosa visahani kumi mfululizo hukata tamaa, akidhani kosa ni lake. Kwa kijana mwembamba wa miaka 12 au 13, geji 20 mara nyingi ndiyo ya kuanzia. Kijana mwenye mwili uliokomaa anaweza kuanza na geji 12, mradi risasi zake ziwe nyepesi. Katika mashindano ya Olimpiki, marisau ya risasi moja hayazidi gramu 24, na watu wazima hushinda medali kwa uzito huo huo. Hakuna sababu ya kumpa mtoto risasi ya gramu 32 au 36.

Teke la bunduki

Bunduki ikilia, husukuma bega nyuma. Msukumo huo ndio teke lake. Teke hutokana na mambo matatu: uzito wa marisau, kasi yake na uzito wa bunduki yenyewe. Bunduki nyepesi hupiga teke kali zaidi kwa risasi ile ile. Ndiyo maana bunduki ya geji 20 iliyo nyepesi sana, ikijazwa risasi nzito, inaweza kuumiza kuliko geji 12 nzito yenye risasi nyepesi.

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Bunduki nzito hutuliza teke, lakini mtoto huchoka kuibeba. Bunduki nyingi za geji 12 za mchezo huu huwa na uzito wa kilo 3.5 hadi 4. Za vijana za geji 20 huwa chini ya kilo 3. Kipimo rahisi cha nyumbani ni jerikeni ndogo yenye lita 3 za maji, ambayo ni kilo 3. Kijana aiinue kwa mikono miwili hadi usawa wa bega, aishikilie kwa pumzi mbili, aishushe, na arudie mara 25. Akianza kuegemea nyuma au mikono ikitetemeka mapema, uzito huo bado ni mkubwa kwake. Asubiri akue, au apewe nyepesi zaidi na risasi nyepesi.

Aliyeumizwa siku ya kwanza huanza kufumba macho na kujikaza kabla ya kuvuta kifyatulio. Hofu hiyo huweza kumganda kwa miaka. Mtu mzima anayempa mtoto bunduki kali ili acheke anavyoyumba anamharibia mchezo, na anaweza kumvunja bega.

Urefu wa kitako na jicho la kulengea

Kipimo muhimu kuliko geji ni umbali kati ya kifyatulio na mwisho wa kitako kinachokaa begani. Bunduki nyingi za watu wazima zina karibu sentimita 36 au 37. Kijana mdogo huhitaji kama sentimita 30 hadi 33. Kitako kikiwa kirefu, hukwama kwapani na kijana hunyoosha shingo kulitafuta tundu. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba humgonga puani bunduki inapolia. Akiweka bunduki tupu begani na shavu juu ya kitako, pua na kidole gumba viachane kwa upana wa vidole viwili au vitatu.

Kwa sababu vijana hurefuka haraka, bunduki nzuri ya kufundishia ni ile yenye vipande vya kuongeza au kupunguza kitakoni. Kazi hiyo hufanywa na fundi wa silaha mwenye leseni. Kitako hakikatwi kwa msumeno wa seremala, na mtutu haukatwi kabisa.

Jicho nalo lipimwe. Kijana anyooshe mikono, aunganishe viganja aache tundu dogo, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linaloongoza. Kijana anayeandika kwa mkono wa kulia lakini jicho lake la kushoto ndilo linaloongoza amwambie mwalimu mapema. Huenda ikamfaa kulenga kwa bega la kushoto, na kujifunza hivyo mwanzoni ni rahisi kuliko kubadilisha baadaye.

Mwisho, aina ya bunduki. Yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, hukunjwa katikati, na kila aliye karibu huona kama ina risasi. Kwa mwanafunzi, faida hiyo ni kubwa. Ile inayojijaza yenyewe ina teke laini, lakini si rahisi kuona kwa mbali kama ni tupu. Mwanzoni mwalimu aweke risasi moja tu.

Mfano wa binti wa miaka 17

Kim Rhode wa Marekani alishinda dhahabu ya Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, katika shindano la visahani viwili kwa pamoja, akiwa na miaka 17. Bunduki iliyomfaa aliitumia kwa miaka mingi, hadi ilipoibwa kutoka kwenye gari lake mwaka 2008. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alivunja visahani 99 kati ya 100 na kupata dhahabu tena, katika shindano jingine la visahani. Ustadi ulikuwa wake, na haukuibwa pamoja na bunduki. Wizi huo nao unafundisha: bunduki ya michezo hulala kabatini kwa kufuli, risasi zikiwa mahali pengine. Haiachwi garini wala chini ya kitanda.

Mambo ya kutosahau

Marisau yanaweza kuruka mita 200 hadi 300, kwa hivyo nyuma ya nyumba au kando ya malisho si uwanja. Kila aliyepo avae miwani na vizuia sauti masikioni. Marisau mengi ni ya risasi, madini yenye sumu. Mikono ioshwe kabla ya kula, na mifugo isilishwe mahali yalipoanguka. Bunduki yoyote ihesabiwe kuwa imejazwa, hata kama imekaguliwa sasa hivi, na mdomo wake usielekezwe kwa mtu.

Aliyewahi kumchongea mtoto upinde anajua kwamba upinde wa baba haumfai mwana. Ukiwa mgumu kuliko mkono wake, mshale hauendi popote. Kijana wa Ntimaru anayetaka mchezo huu anaweza kuanza leo kwa jerikeni, kwa kupima jicho na kwa kujifunza sheria, bila kugusa bunduki. Atakayeshindwa kuvumilia hatua hizo bado hajawa tayari kwa bunduki. Atakayevumilia, mzazi wake aandamane naye hadi uwanjani, kwa njia halali, mchana kweupe.